Mkuyu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kuniachia mti wake, aliuweka juu ya meza yetu ya kulia, akauzungusha mpaka upande anaoutaka ukatazama dirishani, kisha akaniambia, "Nimefikiria sana nimwachie nani. Wifi yako ana mambo mengi. Mume wako ndiyo kabisa, husahau hata dawa zake mwenyewe. Wewe kazi yako ni maji. Na huu hautaki kingine, unataka maji tu, kwa kiasi."

Mimi ni fundi bomba. Nina miaka kumi na minane katika kazi hiyo, na kwa miaka tisa nimekuwa mke wa mwanawe, na katika miaka yote tisa mwanamke huyu hajawahi kunikabidhi hata kijiko. Si kwamba ananichukia. Alitaka mkamwana mwenye mikono laini, akapata mwenye spana mkobani. Kwa hiyo aliposema "wewe kazi yako ni maji", nilisikia kichwa kinavimba.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," nikamwambia. "Utaukuta kama ulivyouacha."

Ndiyo maneno niliyoyatamka kwa mdomo wangu huu.

Mti wenyewe ulikuwa bonsai, yaani mti uliodumazwa makusudi chunguni, mkuyu wenye urefu wa dhiraa moja, shina nene kama kifundo cha mkono, umekaa ndani ya chungu bapa cha rangi ya bluu. Aliung'oa ukiwa mche kwenye ufa wa ukuta wa shule aliyokuwa akifundisha, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Kilichowavutia watu ni tawi lake la kushoto. Lilishuka chini ya ukingo wa chungu, likajikunja, kisha likainua uso tena. Wageni wote walisimama mbele ya tawi lile kwanza, ndipo wakakumbuka kusalimia wenye nyumba. Sasa mama mkwe alikuwa anakwenda kwa mwanawe mkubwa, mji wa mbali, kubadilishiwa nyonga, na angekaa huko miezi mitatu.

Siku ya tatu nilimwagilia, nikaona maji yametapakaa juu ya meza. Nikainua chungu, nikachungulia chini. Tundu! Tundu la kupita kidole gumba, limefunikwa kwa kipande cha wavu. Moyo uliniuma, nasema kweli. Mwanamke mzima ameishi na chungu kinachovuja miaka yote hiyo, na katika ukoo mzima hakuna aliyemsaidia zaidi ya kumwekea wavu.

Nilileta silikoni ya kuzibia, ile ya gharama, ninayoitumia kwenye mabafu ya hoteli. Nikakausha, nikajaza, nikalainisha kwa kidole chenye povu la sabuni. Dakika tano. Halafu nikamwita mume wangu aje kuona.

"Mama atafurahi," akasema.

Tulisimama pale wawili, tumeridhika na ujinga wetu.

Baada ya wiki mbili majani ya chini yaligeuka manjano. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Wiki ya nne majani yakaanza kuanguka mezani wakati wa chakula, na pacha wangu, ambao ndio walionipa jina la Mama Pacha, wakawa wanayahesabu. Nikaongeza maji tena. Wiki ya tano niliinamia chungu kuokota jani, nikavuta pumzi. Harufu ile naijua kuliko manukato yoyote. Ni harufu ya mtaro ulioziba.

Siku hiyohiyo niliufunga mti kwenye kiti cha mbele cha gari langu la kazi, nikaupeleka kwa dada anayeuza miche nyuma ya kituo cha mafuta. Ni binti mdogo, anatafuna ubani muda wote, na hana haya hata kidogo. Alichomeka kidole udongoni, akakinusa, akainua chungu.

"Nani ameziba hapa?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi bomba."

"Mwambie ni mpumbavu."

"Nitamwambia," nikasema.

Aliutoa mti kwenye chungu na kunionyesha. Upande wa kulia mizizi ilikuwa myeupe, migumu. Upande wa kushoto ilikuwa ya kahawia, inateleza, inakatika kama tambi zilizopitiliza jikoni. Akanieleza kwamba mizizi inavuta hewa kama sisi; maji yanatakiwa yapite yaende zake, yasiweke makazi. Tundu lile lilikuwa la kupitishia maji. Miaka kumi na minane natafutia watu maji njia ya kutokea, na hilo sikuliona!

"Hii iliyooza unaikata yote," akasema. "Na nusu ya mizizi ikienda, juu nako lazima upunguze. Iliyobaki haitaweza kulisha mwili mzima. Toa hili." Akaligusa tawi la kushoto.

"Hilo haliwezekani."

"Basi uuage mti. Ukiamua kukata, usivuke kesho, uozo utapanda kwenye shina." Kisha akanionyesha kwa kidevu mkuyu mwingine kwenye rafu yake, wenye umri wa kukaribiana na ule, nao una tawi la kushuka. "Au chukua ule. Wateja wengine hufanya hivyo."

Nilirudi nyumbani na mti umefungwa gunia bichi, nikamweleza mume wangu, naye akaanza kuzunguka sebuleni.

"Nunua ule mwingine," akasema. "Mama macho yake si yale ya zamani. Na ukimwambia sasa hivi, na presha yake ile, na nyonga ndiyo kwanza inashika..."

"Unataka nimpake mama yako mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Nataka apone."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilikuwa naogopa kumshinda. Nilikaa jikoni nikiutazama ule mti uliolala kwenye beseni. Niliona wazi kwamba nikiukata bila kumwambia, nimemkata yeye. Nikimletea mwingine, nitaishi maisha yangu yote namtazama akimwagilia uongo. Na nikikaa tu nikihuzunika, kesho itapita. Nikapiga moyo konde, nikapiga simu ya video.

Alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mti?" Hakuuliza wajukuu.

"Mti unakufa, Mama. Ni mimi. Niliziba tundu."

"Tundu lipi?"

"La chini ya chungu."

"Uliziba kwa nini?"

"Lilikuwa linavuja."

"Lilikuwa linavuja," akarudia polepole, kama mwalimu anayesoma jibu la mwanafunzi kabla ya kulitia mkasi wa kalamu nyekundu. Nikangoja matusi. Hayakuja. Alimwita mtu amwinue mgongo, akavaa miwani, akasema, "Nionyeshe."

Nikaegemeza simu kwenye birika. Akaniamuru nigeuze mti, nipanue mizizi, nikate hii, niache ile, nisiivute, kwani nang'oa viazi? Mizizi iliyooza ilijaza bakuli. Tulipofika juu, nikamweleza alivyosema dada wa miche kuhusu tawi.

"Likwaruze gome kwa ukucha. Anzia nchani."

"Kahawia."

"Shuka."

"Kahawia. Kahawia." Nilishuka nusu yake. "Kijani, Mama. Kijani hafifu."

"Basi lina uhai."

"Linao."

Aliondoa miwani, akaivaa tena. "Kila mwaka nilikuwa nalivuta kwa waya, nalisogeza kidogo, upana wa punje ya mchele. Kuna mwaka lilipasuka, nikalifunga kwa kitambaa miezi sita. Wewe unaonaje?"

"Dada wa miche anasema..."

"Simuulizi yeye. Wewe ndiye umeshika mizizi kwa mikono yako. Nakuuliza wewe."

Hakuna siku aliyowahi kuniuliza naonaje, hata kuhusu chumvi. Nikaacha kumtafuta dada wa miche kichwani, nikatafuta kitu ninachokijua mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, mimi nikiingia nyumba yenye presha ndogo ya maji, sihangaiki na koki zote. Nafunga za juu ili maji yafike panapohitajika. Hapa presha imekwisha. Tukiliacha hili tawi, linakunywa ya mti mzima, halafu vyote vinakauka. Mimi naona tulikate."

"Chukua mkasi."

"Ninao."

"Basi kata. Mara moja. Usiligugune."

"Nigeuze simu usione?"

"Nimezaa watoto watatu na nimezika mume. Acha simu ilipo."

Nikakata. Tawi likaanguka ndani ya beseni, utomvu mweupe ukatoka shinani, nikasikia mume wangu akifungua mlango wa nje na kutoka. Mama mkwe alitazama kwa muda mrefu, mdomo ameubana. Kisha akanieleza jinsi ya kusafisha kidonda cha mti, akakata simu bila kuaga. Nililia palepale mbele ya pacha, na sikujificha.

Kuanzia hapo niliapa kwamba mti ule hautanifia mikononi. Kwanza silikoni. Fahari yangu kama fundi ni kwamba silikoni ninayoweka mimi haitoki hivihivi, na siku ile nililaani fahari hiyo saa nzima, kisu mkononi, nikiibandua kipande kwa kipande. Nikachekecha kokoto ndogo, nikaziosha, nikachanganya na udongo kidogo, nikaupanda mti upya na kuufunga kwa kamba usiyumbe. Nikauhamishia kwenye kibaraza chenye mwanga, mbali na meza ya chakula na mikono ya pacha. Ratiba ya kumwagilia nikaifuta. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichomeka kidole. Udongo ukiwa na unyevu, naondoka. Ukiwa mkavu, namwaga maji mpaka yatoke chini, na nilisimama pale kuyatazama yakitoka.

Mama mkwe alipiga kila siku saa moja asubuhi. Hakuna salamu ndefu. "Kidole kimesema nini?"

"Kimesema tungoje."

"Haya." Simu inakatwa.

Wifi yangu, ambaye hana dogo, alikwishatangaza kwenye kundi la simu la familia kwamba nimezamisha mti nchi kavu. Nikamwandikia aje azamishe wake nimfundishe. Lakini ndani yangu sikuwa na mzaha, kwa sababu majani yote yalikuwa yameshapukutika, na kwa siku ishirini na sita mfululizo niliuchungulia mti usio na jani hata moja. Mume wangu alianza kuupita kibarazani akiwa ameinamisha kichwa, kama anayepita msibani. Mimi nilikwaruza gome kidogo, mahali padogo sana, nikaona kijani, nikaendelea.

Siku ya ishirini na saba nikaona ncha nne, kali, ndogo kuliko punje ya mtama. Nilipiga simu mimi, saa kumi na mbili unusu.

"Mama! Manne! Machipukizi manne!"

"Usipige kelele, watu wamelala huku. Machipukizi manne si mti." Lakini hakukata simu. Aliniambia nimwonyeshe la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, kisha la nne, kisha la kwanza tena.

Alirudi mwezi uliofuata, anatembea na fremu ya chuma. Mume wangu alimfungulia mlango wa gari, wifi akamshikia mkoba, naye akawapita wote akaenda kibarazani. Nikamsogezea kiti. Alikaa, akautazama mti kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa na majani kumi na saba, kovu kubwa kushoto, na umeinamia kulia kama mtu aliyebeba ndoo.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya, Mama."

Akasogeza uso karibu na kovu. Chini yake kidogo lilikuwa limechomoza chipukizi moja, jembamba kama njiti ya kiberiti. Akaligusa kwa upande wa kidole.

"Hili ndilo tutakalolifundisha. Mwakani, likikomaa. Likitunzwa vizuri, miaka kumi na mitano litafika lilipokuwa lile." Kisha akanigeukia. "Wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Hamsini na saba," akasema. "Basi utaliona."

Yeye alikuwa na sabini na sita. Sote tulijua hesabu, na hakuna aliyeifanya kwa sauti. Mume wangu akakohoa, akasema ataupakia mti kwenye gari sasa, Mama asichoke.

"Uupeleke wapi?" mama yake akamuuliza. "Mti unakaa hapa."

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyetaka kuuua."

"Nakumbuka. Nilikuwepo kwenye simu." Alifungua mkoba wake, akatoa waya laini wa shaba, akakata kipande cha urefu wa shibiri. "Niletee kijiti chochote. Hutaligusa hilo chipukizi mpaka uweze kufunga kijiti bila kukivunja. Nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

Nikachukua kijiti kwenye ua, nikavuta kiti changu karibu na chake, nikaanza kuuzungusha waya. Sikufika hata mzunguko wa pili.

"Umekaza mno," akasema. "Fungua. Anza tena."

Nikafungua, nikaanza tena.