Nafasi ya Baba Naserian

Pasi ya mkaa ilikuwa haijashika moto vizuri Gadiel aliposema kwamba kesho hatasimama.

Nilikuwa nimetandika mezani shati jeupe la Yoeli, marehemu baba yake, nimelinyunyizia maji, nasubiri. Nilidhani mwanangu amechoka. Kutoka Lemara, anakoishi mjini, mpaka kwetu huku mlimani, mvua ikinyesha kidogo tu, pikipiki husukumwa badala ya kupandwa.

"Utasimama," nikamwambia. "Kunywa maziwa, pumzika, na kesho utasimama."

"Sijachoka, mama. Siamini tena."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mfungo, na binti yake wa kwanza, Naserian, alikuwa apewe jina na baraka mbele ya tawi zima. Katika kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mtoto mchanga habatizwi. Wanaume wenye ukuhani husimama kwa duara, kila mmoja mkono wa kushoto begani kwa mwenzake na wa kulia chini ya mtoto, wakimbembeleza polepole, na baba yake ndiye husema maneno. Tangu Rachel mkwe wangu aliponiambia ana mimba, picha niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja: Gadiel kwenye duara, na shati la Yoeli mgongoni.

Kwetu mtu akikataa kusimama, tunajua kuna jambo amelifanya gizani. Kwa hiyo nikauliza.

"Ni mwanamke?"

"Hapana, mama."

"Pombe?"

"Hapana."

Nikatazama nje, kwenye mibuni aliyoipanda baba yake chini ya migomba. "Ni kahawa?"

Akacheka. Akacheka mpaka akaketi kwenye kigoda, na kicheko chenyewe kilikuwa cha Yoeli, kikaniuma zaidi. Kanisa limetukataza kahawa na chai. Miaka yote tumeichuma, tumeianika, tumeiuza, hatujaionja, na majirani Walutheri hututania kwamba sisi tunafuga ng'ombe ili tumsikilize akilia. Ni jirani yangu Fransiska peke yake, Mkatoliki wa watu, ambaye hajawahi kututania. Nikifika kwake hunichemshia maziwa katika sufuria aliyoitenga, ambayo haijawahi kupikiwa chai, wala hasemi kwamba ameitenga.

"Sijafanya kitu," Gadiel akasema, akijifuta macho. "Ingekuwa rahisi. Ningetubu, yakaisha."

Akanieleza huku ameikazia macho pasi. Alipokuwa mmisionari kule Uganda, mzee mmoja alimsimamisha mlangoni, akamuuliza kama anajua kwamba kabla ya mwaka sabini na nane kanisa lake halikuwa likimpa mtu mweusi ukuhani. Gadiel alibisha mbele za watu, kwa sauti kubwa. Jioni akauliza wakubwa wake, wakamwambia ni kweli.

"Wewe ulijua, mama?"

"Sikujua."

"Na baba?"

"Kama alijua, amekwenda nalo."

Mwaka huo nilikuwa msichana, nachuma buni na mama yangu, nikiimba. Sikujua kwamba kuna mlango mahali fulani, wala kwamba ulikuwa umefungwa.

"Lakini siyo hilo," akaendelea. "Hilo nililisamehe. Nilijiambia watu hukosea, Mungu hakosei. Nikawa naomba anijibu mwenyewe. Nimeomba mpaka magoti yakaota sugu, mama. Kila nikimaliza, nasikia ni mimi tu mle chumbani."

Ningeweza kumshika mkono. Badala yake nikasema, "Ni maneno machache tu. Yaseme, ukae. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nimshike mwanangu, halafu neno langu la kwanza kwake mbele za watu liwe uongo?"

Hapo ndipo nilipokuwa mkali. Hekalu limefunguliwa Nairobi, si mbali tena. Tulikuwa tumepanga kwenda wote, niunganishwe na Yoeli wangu ingawa amelala kaburini, na Gadiel aunganishwe nasi, tuwe familia moja hata baada ya kifo. Usiku ambao sipati usingizi, hilo ndilo ninaloliwaza.

"Na Nairobi?" nikamuuliza. "Nikakae kule na baba yako, tukitazama kiti chako kitupu milele yote?"

Pasi ikashika moto. Nikapiga shati lile kwa hasira mpaka harufu ya kuungua ikanishtua, nikainua mkono. Kola ilikuwa imepata alama ndogo ya rangi ya chai.

"Litavaliwa hivyohivyo," Gadiel akasema kwa upole. Akalikunja mwenyewe, akanibebea na mkoba, tukashuka mjini.

Asubuhi nyumba yao ya Lemara ilikuwa na ukimya wa watu waliokwisha kugombana. Rachel alikuwa akimvisha Naserian gauni jeupe, na vifungo vilikuwa vikimponyoka.

"Mama, mwambie," akaniambia, mumewe akiwa palepale. "Mimi nimesema mpaka nimechoka. Nitawatazama vipi akina dada? Watasema ana mwanamke."

"Waambie nina wawili," Gadiel akasema. "Mmoja bado hajaota meno."

Rachel alitaka kucheka, akajizuia, akageukia ukutani. Niliona mabega yake, sikujua ni kicheko au ni kilio.

Yeye kwa kuwa ananyonyesha hafungi, kwa hiyo nilimpikia uji. Nikamimina na kikombe cha pili, nikakisukuma kwa Gadiel. Sikuwa na wema moyoni wakati huo. Nilitaka aone kwamba nimemwona, mtu asiyefunga.

Hakukigusa.

"Kunywa," nikasema. "Si huamini? Unamfungia nani?"

"Simfungii mtu."

"Sasa?"

Akaona haya, kama alivyokuwa akiona haya akiwa mdogo. "Wewe una njaa, mama. Siwezi kukaa nakunywa uji mbele yako. Nitakula utakapokula."

Nimefunga Jumapili nyingi maishani, kwa sababu nimeamriwa na kwa sababu naahidiwa baraka. Mwanangu alikuwa na njaa bila kuamriwa na mtu, na bila kuahidiwa kitu. Uji ule ulipoa mezani, ukafanya utando.

Kanisani alivaa shati la baba yake. Kabla ya ibada nilimwona kupitia dirisha la ofisi akizungumza na Rais Arnold, kiongozi wa tawi letu, mwalimu wa sekondari mwenye sauti ndogo. Rais alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akamshika bega. Nikajua mwanangu amemwambia. Lakini alipotoka, Gadiel aliketi kati yangu na Rachel, uso umebanwa kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Wimbo ukaimbwa. Rais akasimama, akatangaza kwamba leo tuna mtoto wa kubarikiwa, binti wa Gadiel na Rachel, na akawaalika ndugu wenye ukuhani waje mbele.

Wanaume wakainuka, mmoja hapa, mwingine kule. Wakasimama kwa duara, wakageuka kutazama benchi letu. Gadiel hakuinuka. Watu wa mbele wakaanza kugeuza shingo. Rachel alikuwa amemkumbatia mtoto kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Ndipo mwanangu akainama sikioni kwangu.

"Mama," akanong'ona. "Ukisema, nasimama."

Nikatazama mikono yake. Alikuwa ameshaushika ukingo wa benchi, tayari kujiinua. Nilijua kwamba angekwenda, angesema yale maneno yote vizuri, maana alifundishwa na Yoeli. Kila mtu angesema amina. Rachel angepata kuinua uso, nami ningepata ile picha yangu. Neno moja tu, na tena silo neno gumu. Nilikuwa nalo mdomoni.

Nikawaza kile kikombe cha uji.

"Kaa, mwanangu," nikasema.

Nikainuka mimi. Nilimnyooshea Rachel mikono, akanitazama kwa macho ya kuniuliza, kisha akaniachia mtoto. Nikatembea naye mpaka mbele, viatu vyangu tu vikisikika. Nikamweka kwenye mikono ya Rais Arnold, nikarudi kukaa.

Wanaume wakaweka mikono yao chini yake. Lakini walipokaribiana, nikaona jambo. Kati ya Rais na ndugu Mika fundi cherehani palikuwa na upana wa mtu mmoja, na mkono wa Mika ulinyooka sana kulifikia bega la Rais. Angeweza kusogea. Hakusogea, wala hakuna aliyemwambia asogee. Naserian akalia muda wote wa baraka, maneno mengine hatukuyasikia. Jina tulilisikia.

Baada ya amina, ni desturi yetu baba amwinue mtoto juu, wote wamwone. Rais Arnold hakumwinua. Alishuka naye kati ya mabenchi mpaka kwetu, akamkabidhi Gadiel.

"Tuonyeshe binti yako," akasema.

Gadiel akasimama na kumwinua. Mikono ya shati ikateleza mpaka kwenye viwiko, na alama yangu ya pasi ikaonekana shingoni mwake. Mtoto alinyamaza, akaanza kutazama taa. Kuna mtu nyuma alicheka kwa furaha. Rachel alimshika mumewe ncha ya shati, hakumtazama, lakini hakuiachia.

Kisha ikapitishwa sakramenti: mkate, halafu maji katika vikombe vidogo, sinia likienda mkono kwa mkono. Zamani, Gadiel akiwa kijana, yeye ndiye aliyekuwa akilibeba, na alipofika kwangu hulishika kwa mikono miwili. Siku hizi vidole vyangu hutetemeka, na nikifunga hutetemeka zaidi. Naogopa sana kumwaga.

Sinia likafika kwake. Hakuchukua kikombe. Nilijua kwamba hatachukua. Nikanyoosha mikono anipitishie.

Hakunipitishia. Alimlaza Naserian kwenye mapaja ya Rachel, akaligeuza sinia upande wangu, akalishika kwa mikono yote miwili, imara, bila vikombe kugongana.

"Chukua polepole, mama," akasema. "Nimelishika."