Ng'ombe Waliotazama Dirisha

Ng'ombe walianza kutazama dirisha asubuhi moja, Mama Kibonge akiwa anaanika nepi. Walisimama zizini wote, hata ndama, vichwa vimeelekea upande mmoja kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Nyuma yao, ng'ambo ya waya, kulikuwa na kipande cha malisho kilichopumzishwa, nyasi zimefika magotini, mbichi, zinanukia. Ng'ombe mwenye njaa angekodolea macho nyasi zile. Hawa walizipa mgongo. Walitazama dirisha la chumba alimolala Kibonge, mwanawe wa kwanza.

"Wamepata runinga hawa," alitania shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kila mtu alimwita Dakika Mbili, kwa kuwa hakuna kazi aliyowahi kuianza bila kusema anakuja baada ya dakika mbili.

"Badala ya kucheka, si uwapelekee maji?"

"Dakika mbili, shem."

Baba mkwe alipofariki, shamba lilibaki kipara. Ng'ombe walikula popote, wakala hadi vichipukizi, mvua ikaja ikachukua udongo wenyewe. Mumewe Mama Kibonge ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani huja na kuondoka kama mgeni. Basi ni yeye, mkwe wa juzi tu, aliyekwenda madarasa ya jioni na tumbo lake kubwa, akarudi na habari za kugawa malisho vipande vipande, kulisha kimoja huku vingine vikipumzika, kung'oa magugu, kutawanya samadi, kupanda mikunde katikati ya nyasi.

Alidhani mama mkwe atamcheka. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele.

"Baba mkweo naye alipumzisha malisho," alisema. "Ila kila alipofunga lango, alikata konzi ya nyasi za mle ndani, akazipiga fundo, akalitundika juu ya mlango wa jiko. Siku ya kufungua lango, analifungua fundo kwanza. Ndipo ng'ombe wanaingia."

"Kwa nini, mama?"

"Sikumuuliza, na wewe usiniulize. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua," Mama Kibonge alicheka. Siku alipofunga lango alikata nyasi zake, akapiga fundo, akalitundika. Kumfurahisha mkwe si kazi kubwa.

Kisha Kibonge akazaliwa, na usingizi ukahama nyumba ile. Alikuwa mtoto wa kukesha, analia kama anayedai haki yake mahakamani. Siku moja mama yake anafagia utando wa buibui jikoni, macho yanafumba yenyewe, fundo likamwangukia miguuni. Lilikuwa limekauka vizuri, linanukia kama jua. Mto wa mtoto ulikuwa umebonyea. Hakufikiri mara mbili: aliupasua mshono, akalisukuma fundo katikati ya pamba, akashona. Nitakata jingine kesho, alijiambia. Kesho ilikuja na nepi zake, akasahau.

Usiku ule Kibonge alilala. Alilala usiku uliofuata, na mchana wake pia. Mama Kibonge alimshukuru Mungu kwa sauti. Nani asiyefurahi mtoto akilala? Alipochomekwa ziwa alinyonya macho yamefumba, akashiba, akarudi kulala kwenye mto wake. Na alikua, jamani. Muuguzi wa kliniki alimpima akatikisa kichwa kwa furaha. "Mama, huyu unampa mbolea?"

Mama Kibonge alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kucha za Kibonge alizikata jioni, asubuhi zimerudi. Nywele zake zilikuwa zimenyooka, ndefu, laini, na zilisimama wima kila mvua iliponyesha. Akimbusu utosini alisikia harufu ya umande.

Ndipo ng'ombe walipoanza kutazama dirisha.

Asubuhi ya kufungua kipande ilipofika, maziwa yalimwamsha Mama Kibonge kwa kumjaa kifuani. Kibonge hakuwa ameamka kunyonya. Alimgusa shavu, lilikuwa baridi, baridi ya jani. Anapumua, lakini polepole mno, kifua kinapanda na kushuka kama shamba linalopigwa na upepo.

"Kibonge. Kibonge wa mama. Amka baba."

Nje alisikia lango likikwaruza ardhi. Ajabu ya maajabu, siku hiyo Dakika Mbili alikuwa amewahi. Kengele ya ng'ombe kiongozi, waliyemwita Mwenyekiti kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtangulia, ililia mara chache ikielekea nyasini, kisha ikatulia. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa.

Kichwani kwa Kibonge, upande wa kushoto, shungi la nywele likavutwa.

Hapakuwa na mkono. Nywele zilijikusanya, zikakazwa, zikanyofoka kwa sauti ndogo ya kuraruka, ile ile anayoisikia kila siku malishoni. Palipobaki palikuwa pamelowa ute mzito. Kengele ikalia tena. Shungi la pili likaondoka.

Mama Kibonge alimnyakua mtoto, na mto ukaja pamoja naye. Nywele za kisogoni zilikuwa zimepenya kitambaa kama mizizi. Aliuchana mto kwa meno. Ndani ya pamba fundo lilikuwa la kijani, bichi, lina matone ya maji, na nywele za mwanawe zimesukwa humo na nyasi hata hakujua kipi ni kipi.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama mkwe, njoo!"

Mama mkwe alisimama mlangoni, akaona fundo, akaona kichwa cha mjukuu wake, mkono ukaenda mdomoni.

"Hukulifungua?"

"Halifunguki! Linakaza!"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui. Mkweo alilifungulia jikoni tu, basi."

Mama Kibonge alitazama fundo, akatazama nje. Alilikata wapi? Pale kwenye kichuguu kidogo, karibu na waya, siku ile mimba ilipomzuia kuinama zaidi. Kama lilitoka pale, lirudi pale. Alimkumbatia mtoto na mto wake na kukimbia.

"Shem, watoe! Watoe ng'ombe!"

"Si umesema mwenyewe leo..." Dakika Mbili alianza, kisha akamwona mtoto. Alirukia lango, akachapa, akapiga mbinja. Ng'ombe hawakusogea hata mmoja. Wote walikuwa wameacha kutafuna. Waligeuka taratibu, wakaanza kumjia Mama Kibonge bila haraka, kama wanavyoyajia majani mazuri zaidi.

Alipiga magoti kwenye kichuguu, mtoto mapajani, akang'ang'ana na fundo. Kucha zikavunjika. Akatumia meno, likazidi kukaza. Pumzi ya joto ya Mwenyekiti ilimfikia shingoni, ulimi unaokwaruza kama msasa ukapita begani kwake, unamtafuta Kibonge.

"Huyu si wako," Mama Kibonge alisema, akilia. "Huyu ni wangu. Chukueni nyasi, huyu ni wangu."

Alijikunja juu ya mtoto, na kwa kujikunja maziwa yakamtoka yenyewe, yakapenya gauni, yakadondokea fundo. Alihisi linalegea chini ya vidole. Hakusubiri. Alivuta jani moja, jingine, unywele, jani, hadi mkononi mwake kukawa na nyasi kavu tu, za zamani, zisizo na uzito.

Kibonge akafungua mdomo, akalia kama anayedai haki yake mahakamani.

Mwenyekiti alipiga chafya, akainamisha kichwa, akaanza kula nyasi kama ng'ombe mwingine yeyote.

"Mungu wangu," Dakika Mbili alisema, akakaa chini. "Nipe dakika mbili."

Malisho yale sasa ni mazuri kuliko yote kijijini, na Mama Kibonge hufundisha wenzake kuyapumzisha. Mafundo hutundika mwenyewe, juu, asipofika mtu. Lakini kwenye kichuguu kuna sehemu ya nyasi ambayo ng'ombe huizunguka, hawaigusi, imepinda kama mtoto aliyelala ubavu. Mwanzoni ilikuwa ndogo kama kanga iliyokunjwa. Kibonge anatambaa sasa, na sehemu ile imerefuka.

Kila asubuhi, kabla ya nepi, mama yake huipitia na kuitazama. Ikiwa ya kijani, hutabasamu, akaingia ndani kumwamsha mwanawe. Kiangazi kinapokaza, huimwagilia.