Pembe Moja Kila Alhamisi

Sikukataa kuhamia kijijini kwa sababu ya siasa. Watu hupenda kusema hivyo, kwamba Mwantumu wa Mdoe aliwagomea wakubwa, nami huwaacha waseme kwa kuwa inanipa heshima nisiyostahili. Nilikataa kwa ubishi tu. Lori lilipokuja kubeba mizigo yetu mwaka wa sabini na nne, balozi wetu wa chama aliniambia nipande haraka, kwa sauti ya mtu anayeswaga mbuzi, na mimi siwezi kuharakishwa na mtu niliyemwona akitambaa. Nikakaa kwenye kigoda changu. Balozi akasema niachwe, upweke wenyewe utanileta.

Kitongoji chetu, nje kidogo ya Misima, kilikuwa na nyumba kumi na moja. Lori lilipoondoka ikabaki yangu, pamoja na kaburi la mume wangu Mdoe nyuma ya mkwaju. Majirani walichukua mpaka milango. Mwanzoni nilikifurahia kimya kile. Mwezi wa pili nikaanza kuzungumza na kuku, na mwezi wa nne nikajikuta nawasengenya mitetea kwa jogoo, nikaogopa.

Ndipo akaja Ponsiano. Alikuwa mtu wa makamo aliyefiwa na mke, mzaliwa wa kambi ya shamba moja la mkonge upande wa Makuyuni, wazazi wake walitoka Songea kuja kukata mkonge. Kazi ilipopungua huko akaandikishwa katika kijiji chetu kipya, ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Wakampa ulinzi wa shamba la kijiji na gobore la kijiji, kwa sababu ambayo hakuna aliyeitamka kikaoni: wanaokula mahindi walikuwa nguruwe, na wanaume wetu wa Kiislamu hawakutaka kushika mizoga. Ponsiano alikuwa Mkristo. Aliniambia mpango ule unamfaa sana, wao watavuna mahindi na yeye atavuna nyama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nilikuwa sijacheka tangu siku ya lori.

Alikuja na makopo mawili ya bati. Meneja Mzungu wa lile shamba la mkonge alikuwa na bunduki za kuwindia, na maganda ya risasi akiyajaza upya kwa mkono wake, kwa baruti ya ziada iliyouzwa baada ya vita vya Hitla. Mashamba yalipotaifishwa akaondoka, makopo yakabaki stoo, na karatasi zenye majina zikaliwa na mende. Ponsiano alitaka kujua ipi inafaa kwa gobore. Kijijini walimwelekeza kwangu, maana Mdoe alikuwa fundi wa magobore na mimi ndiye niliyemtwangia baruti miaka thelathini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipoanza. Nilijua siku ile ile. Nilitia kidole katika kopo la kwanza, kikatoka cheusi kama nimepangusa sufuria. Punje zake zilikuwa za pembepembe, hazilingani, na chache nilizotupia kwenye makaa zilifyatuka mara moja kwa moshi mweupe na harufu ya kiberiti. Hiyo ndiyo yetu. Kopo la pili lilikuwa na vijiti vifupi vilivyokatwa sawasawa, vya kijivu chenye mng'ao, na kidole kilitoka safi. Vilipoguswa na moto viliungua taratibu kwa mwali wa njano, bila moshi, kama utambi wa kibatari. Asiyejua ataiona baruti dhaifu. Mdoe alinifundisha kwamba hiyo ni ya bunduki za jeshi, kwamba nje ni mpole lakini ikishindiliwa ndani ya chuma inageuka, na mtutu wa gobore hauiwezi hata kidogo. Ilikuwa ya kumwaga.

Kumweleza hayo kungechukua muda wa kunywa kikombe cha uji. Lakini nilimtazama alivyokaa kwenye kigoda cha Mdoe, akiupuliza uji wake, nikajua nikimweleza atachukua kopo lake na sitamwona tena. Nikamwambia baruti ni kitu cha kuchunguzwa polepole. Aniachie makopo yote mawili, aje Alhamisi.

Alhamisi akaja. Nikampimia baruti nzuri pembe moja, ile pembe ndogo ya paa aliyoitumia Mdoe, nikamwambia iliyobaki ndani ya kopo lazima ianikwe kwanza. Alhamisi iliyofuata nikampa pembe nyingine. Akawa anakuja kila wiki, anatoa shikamoo toka mbali ili nisishtuke, anakaa, tunazungumza mpaka jua linapinduka. Alinieleza habari za marehemu Josefina, mkewe, aliyekuwa akipigia brashi nyuzi za mkonge kiwandani na kukohoa vumbi lake nyumbani. Nami nikamweleza ya Mdoe, hata yale ambayo kwa watu wengine huwa nayaficha. Alinitengenezea mlango uliokuwa unaburuza. Nilimshonea shati.

Kuhusu kopo la pili aliniuliza mara tatu. Mara zote nilimjibu kwamba bado naichunguza, na mara ya tatu nilimkaripia kwamba ana haraka kama balozi. Akacheka, hakuuliza tena. Ningeweza kuimwaga ile baruti siku yoyote, lakini niliona kwamba maadamu kuna kitu cha kuchunguza, kuna mtu wa kuja kusikia majibu. Miezi saba nililala kopo lile likiwa chini ya kitanda changu.

Ilikuwa Jumatatu, mahindi yametoa ndevu. Nilikuwa kisimani. Nikasikia mlio wa gobore upande wa nyumbani kwangu, mzito, wa kubingirika, mlio wa kwetu. Nikajua ni Ponsiano, ametoka zamu akapitia. Baada ya muda ukaja mlio wa pili. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama ubao unavyovunjika. Nimeishi na magobore tangu nilipoolewa na sijawahi kusikia gobore likisema vile, nikaitupa ndoo na kukimbia kwa magongo yangu haya ya miguu.

Nilimkuta amekaa kando ya mihogo, mkono wa kushoto ameufunga ndani ya shati, lile shati nililomshonea. Mtutu ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi. Vidole vitatu havikuwepo. Alianza kunieleza taratibu, kana kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi. Alikuta nguruwe wanne ndani ya shamba langu mchana kweupe. Risasi aliyokuwa nayo ilimkosa nguruwe, na pembe ya baruti aliiacha nyumbani kwake kwa kuwa zamu ilikwisha. Akaingia ndani kwangu. Kifuniko cha kopo la kwanza kilikuwa kimekaza, akafungua la pili. Akatupia punje kwenye makaa ya jikoni kama alivyoniona nikifanya, zikaungua kivivu.

"Nilidhani imeingia unyevu," akasema. "Nikaongeza nusu."

Nilimfunga kwa kanga yangu, nikaenda kijijini huku nikipiga yowe njia nzima. Lori la pamba likampeleka hospitali, Korogwe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu hayakungoja wajukuu, yalikuja usiku ule ule yakalala nami. Siku ya tisa nikapanda basi na unga wa uji kwenye kapu. Njiani nilipanga maneno mengi, ya kuzunguka, ya kumlaumu shetani. Nilipomwona juu ya kitanda, mkono umekuwa donge la bendeji, yote yakanitoka.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," nikamwambia. "Kopo lile ni la bunduki za jeshi. Nilikuficha ili uendelee kuja."

Nilitaka anitukane. Badala yake akaniuliza pembe moja inatosha risasi ngapi. Mke wa fundi haulizwi hilo mara mbili, nikajibu kumi na mbili. Akaniuliza mlinzi hupiga risasi ngapi kwa wiki. Nikasema mbili, tatu nguruwe wakizidi.

"Nenda kaangalie chumbani kwangu," akasema. "Chini ya kitanda kuna chupa tano, zimejaa. Mama, kwani ulidhani nilikuwa nafuata baruti?"

Miaka thelathini nimepima baruti kwa jicho, na hesabu ile ilinipita mbele ya pua kila Alhamisi kwa sababu nilikuwa nimejishughulisha na ujanja wangu. Nililia pale, mbele ya wagonjwa, na yeye ndiye aliyenibembeleza kwa mkono uliobaki.

Kakaye, Matayo, aliyebaki kambini, alikuja kumchukua akampeleka Makuyuni. Mlinzi asiyeshika mtutu hana kazi kijijini kwetu. Mara moja alinitumia salamu kwa utingo wa basi, nami nikarudisha, sijui kama zilifika. Kopo la pili nililimwaga chooni siku niliyotoka Korogwe.

Kijiji kikapata gobore jingine na mlinzi mwingine, Hiza, mtu mwenye mke na shughuli zake. Juzi alikuja na baruti iliyofungwa kwenye gazeti, akaomba nimwangalizie. Nilibandika uji, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamfundisha yote bila kubakiza: kidole, umbo la punje, moshi, harufu, na ule upole wa kuungua unaodanganya. Nikamtaka arudie mara tatu mpaka nikaridhika. Alikuwa ameshajua kila kitu kabla uji haujachemka. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Nilikuwa nimeandaa vikombe viwili. Nikanywa vyote.