Wanawake wa Kisimani

Nimeandika hadithi kumi na moja juu ya Waislamu waliotuzingira mwaka wa arobaini na saba, India ilipokaribia kugawanywa, na kwa kila moja wazee wa gurudwara yetu, hekalu letu sisi Masingasinga, walinivisha shada la maua. Niliandika moja juu yetu wenyewe, wakanitumia kaka yangu.

Kaka Harnek alifika asubuhi, kilemba kimefungwa kwa ustadi kuliko siku zote, jarida lenye hadithi yangu likiwa kwapani. Chai hakuigusa.

"Umetuvua nguo, Satwant. Delhi nzima inasoma."

"Delhi nzima haijui kusoma Kipunjabi, kaka. Kunywa chai."

"Usinichezee! Umeandika binti amekataa kuruka kisimani, baba yake akamsukuma. Kila mtu anajua huyo ni Tejo."

"Basi nimeandika vizuri."

Tejo alikuwa dada yetu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi minane, Harnek ishirini. Siku ya tatu ya kuzingirwa, kule kijijini kwetu karibu na Rawalpindi, wanaume wetu waliamua kwamba heri wanawake wafe kuliko kutekwa, wakawapanga kando ya kisima. Wapo walioruka wenyewe, siwasingizii. Tejo alisema hataki. Alisema kwa sauti, tena na tena, na mimi nilikuwa hatua tano tu nyuma yake. Kisima kilijaa kabla ya zamu yetu sisi watoto, ndiyo maana nipo na ninaandika.

Tangu tuhamie Delhi, kila mwezi wa Machi tunawakumbuka. Mwanamume mkubwa wa kila nyumba husimama mbele ya watu na kusoma majina ya mashujaa wake. Kwa miaka kumi na tisa Harnek amesoma, "Tej Kaur, aliyejitoa kwa hiari yake," na kwa miaka kumi na tisa nimeinamisha kichwa nikanyamaza.

"Wazee wamekata shauri," alisema. "Jumapili usimame useme ulibuni. La sivyo jina lake linafutwa. Aliyekataa si shujaa."

Nilikasirika. Walimuua, na sasa wanataka kumfuta! Lakini niliogopa pia. Hatuna picha yake, hatuna hata majivu yake. Tulichobakiwa nacho ni jina lile, likisomwa mara moja kwa mwaka.

"La kuvunda halina ubani, kaka."

"Mdogo wangu, si hadithi tu?" Sasa alikuwa ananibembeleza. "Nyinyi waandishi kazi yenu si kubuni? Taja ulichobuni, yaishe."

"Haya. Nitakitaja."

Akanywa chai yote, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Jumapili nilivua viatu mlangoni, nikajifunika kichwa, nikaketi chini upande wa wanawake. Harufu ya dengu ilikuwa inatoka jikoni na watu walikuwa na njaa. Mzee mmoja aliniletea kipaza sauti huku akitabasamu. Harnek alikuwa mstari wa mbele, orodha mapajani, kalamu mkononi endapo itabidi kukata.

"Kaka yangu ameniomba niseme nilichobuni," nilianza. "Ni haki yenu kujua. Nimebuni jambo moja tu."

Kaka akashusha pumzi.

"Msichana wa hadithi yangu anasukumwa na baba yake peke yake, kwa sababu hana kaka. Hapo ndipo nilipobuni. Baba yetu ameshakufa lakini kaka yangu yu hai, nami nampenda, nikaona nimwache nje. Tejo alikuwa na kaka. Alipoung'ang'ania ukingo wa kisima, kaka yake ndiye aliyembandua vidole."

"Kaa chini, mwanamke!" mtu akapiga kelele. "Huna haya!"

Harnek alikuwa ameikumbatia ile orodha kifuani na kalamu imemponyoka.

"Kateni mkitaka," nikasema. "Kuanzia leo nitamsoma mimi. Tej Kaur, miaka kumi na sita. Alisema hataki."

Wakazima kipaza sauti. Nikavuta pumzi, nikalisoma jina lake tena kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.