Bi Sabini Hakatai Mteja

Sijalala. Nimefumba macho tu kupumzisha kope, kwenye benchi la nje ya chumba cha wagonjwa, saa saba mchana, bati linapasuka kwa joto juu ya kichwa changu, na ndani Mwantumu mke wangu amelala na kipimajoto kwapani, tukingoja majibu ya uvimbe wa titi lake baada ya miezi mitano ya dawa. Daktari Shemboza jana alinieleza jambo ambalo tangu hapo linanizunguka kama nzi. Ndani ya mwili, alisema, zipo protini ambazo kazi yao ni kukunja na kunyoosha protini nyingine zinapoharibika kwa joto au kwa taabu, nazo huitwa kwa namba za uzito wake, na uvimbe nao unazitumia hizo hizo usife. Mimi ni dobi, mwaka wa thelathini na moja huu, mambo ya kukunja na kunyoosha hayanipigi chenga. Nikamwambia, daktari, kumbe mke wangu ana madobi ndani. Akacheka. Mimi sikucheka. Sasa nimefumba macho, sijalala, na mlango uko wazi, nainuka kwenda kumtazama, nainama nimwekee vizuri kipimajoto, na kwapa lake linafunguka mbele yangu kama mlango wa duka. Naingia kwa adabu, mguu wa kulia kwanza.

Ndani ni barabara. Nyekundu, ndefu, inakwenda na kupinda na kurudi ilikotoka, na kando yake kuna miji, na kila mji una nyumba zile zile, milango ile ile, kana kwamba wa kulia unajitazama kwenye kioo na kioo ni mji wa kushoto. Njiani amesimama mtu ananingoja. Hana uso. Pale pa uso pamenyooshwa kabisa, hakuna pua wala kunyanzi, na mimi kama fundi nasema moyoni, kazi safi. Namuuliza, bwana, uvimbe uko wapi? Ananijibu, kitendawili. Nasema, tega. Anasema, nina mtumishi mwema, wema wake unamlinda hata mwizi. Nafikiri, najikuna, nafikiri tena, nasema sijui. Basi nipe mji, anasema. Nampa Korogwe. Anasema, Korogwe nimeshapewa na kila mtu, nimechoka nayo, nipe mwingine. Nampa Muheza. Muheza anaipokea, na papo hapo mji ulio kulia kwetu unakunjika kama shuka na kuingia mfukoni mwake, barabara inasogea chini ya miguu yangu, tuko pengine. Sasa jibu ni nani? namuuliza. Jibu liko kazini, anasema, fuata joto utalikuta.

Nafuata joto. Natembea, natembea, joto linazidi, na watu ninaopishana nao wanaanza kupinda, mmoja magoti yake yamefika kisogoni, mwingine amejifunga fundo kiunoni na bado ananiamkia. Wote wanakwenda kupanga foleni mbele ya meza ndefu, na kwenye meza kuna mama mnene, kanga kiunoni, jasho linamchuruzika, mikono haionekani kwa kasi. Anamshika aliyepinda, anamlaza, anamkunja panapotakiwa, anamnyoosha panapotakiwa, anampiga kofi la mgongo, nenda kazini, haya, mwingine. Nakiri nimeona wivu. Namwambia, shikamoo mama, mimi ni fundi mwenzio. Anaitikia bila kuinua macho, marahaba fundi, naitwa Bi Sabini. Nashangaa, jina gani hilo? Ni uzito wangu, anasema, huku kwetu hatufichi. Yule wa meza ya pili ni Bi Tisini, na usimtazame sana, ana maringo.

Nageuka kutazama mtaa anaoufanyia kazi, na moyo unanishuka, ndio uvimbe wenyewe. Nyumba za mtaa huu hazina choo wala jiko, zinazaa nyumba nyingine huku nazitazama, moja juu ya mgongo wa nyingine, na wateja wanaotoka humo wanakuja meza hii mara mia kwa siku, wanapinda na kunyooshwa, wanapinda na kunyooshwa. Askari weupe wanapita doria. Wanawatazama waliotoka mezani, nadhifu, mikunjo imekaa, wanawapigia saluti na kupita zao. Bi Sabini, nasema, unajua hawa ni nani? Anajibu, mimi nakunja, siulizi. Mteja akija na shida simkatai. Kwenu mnauliza?

Hapo ananishika pabaya, maana nami siulizi. Namweleza yaliyonipata mwaka mmoja. Mtu ananiletea suruali, naifua, naipiga pasi hadi mstari unakata nyanya, nampa, anaondoka ameivaa. Kumbe ni suruali yangu mwenyewe, kaianua kwenye kamba nyuma ya nyumba asubuhi ile ile. Aliyegundua ni Mwantumu. Alimkimbiza yule bwana barabarani, akang'ang'ania mkanda wa kiunoni mpaka ukabaki mkononi mwake, na pale palikuwa na alama yangu ya uzi mwekundu. Akakipeleka kile kipande kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi hakutaka maneno, alitaka kipande. Mwizi alikamatwa kabla ya adhuhuri.

Bi Sabini anacheka hadi meza inatikisika, kisha anasita. Dobi hatoi siri ya nguo, anasema. Namjibu, hiyo ni sheria yangu pia, na ndiyo iliyoniacha bila suruali. Lakini mama, mji huu unaoukunjia ni mke wangu. Nyumba hizi zikiendelea hivi atakufa, na mimi bila yeye sijui hata chumvi inakaa wapi. Nalia mbele ya foleni nzima, sioni haya. Mkeo nani? ananiuliza. Mwantumu. Ala! Ndiye huyu anayekunywa chai inayochemka? Kila asubuhi ananiongezea kazi. Kisha mikono yake inasimama kwa mara ya kwanza. Mteja mwingine amekwishajilaza mezani. Bi Sabini anamgeuza, anamchungulia upindo, anachana kipande kidogo, anakifunga kwenye pindo la kanga na kuondoka, foleni nyuma yake inapiga kelele.

Kwenye geti la mtaa askari mmoja mweupe anakipokea. Anakinusa, anakiinua juu, anawaonyesha wenzake mmoja mmoja, na kila anayekiona anavimba kwa hasira na kukimbilia mtaa ule. Joto linapanda. Nyumba zinaanza kuanguka, nami napiga vigelegele, mwanamume mzima, mpaka mkono mzito unanishika bega na kuniumiza. Na huyu? anauliza askari. Huyu ana alama gani? Natafuta kwenye shati, sina. Natoka mbio. Yule asiye na uso yuko njiani, nipe mji, anasema. Chukua Tanga! nampigia kelele, na Tanga inakunjika nami nikiwa ndani.

Niko kwenye benchi. Naitwa ndani, Daktari Shemboza ameshika picha, anasema uvimbe umesinyaa zaidi ya nusu, dawa zimekubali, safari bado ipo lakini umesinyaa. Namwomba arudie. Anarudia. Habari hii ni nzuri mno, naiogopa. Najifinya paja, nasikia maumivu, lakini hata bega kule liliuma. Mama Hidaya, namwambia Mwantumu, nifinye wewe, tafadhali, nijue tuko wapi. Ananitazama juu hadi chini, midomo yake imekauka na macho yanacheka. Nikufinye mbele ya watu, baba Hidaya, una wazimu? Ngoja tufike nyumbani.

Basi nangoja. Namshika mkono, tunatembea taratibu kuelekea nje kwenye jua, na ninaomba njia nzima kwamba tutafika.