Bibi Mkorofi wa Ukurasa wa Tano

Kwa miaka ishirini na miwili Cedric Tattersall alichora katuni za bibi mkorofi katika ukurasa wa tano wa gazeti la watoto la kila wiki. Hakumwambia mtu pale mjini Rochdale, Uingereza, kwamba pua ile ndefu na kofia ile ya sufu alizitoa kwa jirani yake, Bi Enid Clegg. Majina ya wachoraji hayakuchapwa, kwa hiyo alijiona salama.

Kisha akaja mhariri mpya, akaanza kuyachapa. Jumamosi jina la Cedric lilipotokea kwa mara ya kwanza, Bi Enid akabisha hodi, gazeti kwapani. Cedric alimkaribisha ndani, akammiminia chai.

"Huyu ni mimi," Bi Enid akasema, akiigonga picha kwa kidole.

"Nisamehe, Bi Enid. Sikukusudia ubaya."

"Nyamaza wewe. Nilijua tangu toleo la kwanza. Unadhani siifahamu pua yangu?"

"Sasa umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kukuuliza. Kila wiki yule polisi ananikamata kwenye picha ya mwisho. Hivi mimi sina akili ya kumtoroka hata mara moja?"

Cedric alicheka mpaka chai ikamwagika. Akachukua penseli, naye Bi Enid akavuta kiti, akaanza kumwelekeza.

Wiki mbili baadaye bibi alitoroka kwa baiskeli ya polisi mwenyewe. Chini ya picha yalichapwa majina mawili, Tattersall na Clegg. Bi Enid alinunua nakala zote dukani, akazigawa mtaa mzima.