Kijerumani cha Mashariki

Genoveva alikwenda Berlini Mashariki mwaka 1984, msichana wa miaka ishirini, kusomea uuguzi. Akarudi kwao Mtama Julai ya 1989, miezi minne kabla ukuta ulioukata mji vipande viwili haujaanguka. Alipostaafu, vijana wanaotaka kwenda kuuguza wazee Ujerumani wakaanza kumjia barazani, naye akawafundisha lugha kama alivyoisikia wodini: "mimi" si "ich" bali "ick," "hiyo" si "das" bali "dit." Saa mbili kasorobo kwake iliitwa "robo tatu ya nane," kwa kuhesabu saa za Kizungu, na asiyeelewa alitazamwa mpaka aelewe.

Hodari wao alikuwa Imani, binti wa wakulima wa korosho. Alikwenda Dar es Salaam kufanya mtihani, akarudi na cheti, lakini uso umemshuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefaulu, mbona umenuna?"

"Kwenye kuzungumza nimeponea chupuchupu. Mtahini kaniuliza nani kanifundisha. Kasema hicho ni Kijerumani cha mtaani, na hata huko mtaani wanaokisema wanapungua. Kisha akacheka."

Hayo Genoveva aliyajua. Heike, waliyelala naye chumba kimoja bwenini, alimwandikia baada ya ukuta kuanguka. Zamani mji wote ulisema hivyo, aliandika. Ulipogawanywa, kule magharibi waliojiona wastaarabu wakaiona ni lugha ya wahuni, wakawakataza watoto wao. Mashariki daktari na mfagiaji waliisema pamoja bila haya. Sasa mji umekuwa mmoja, na Heike akienda kuomba kazi ng'ambo ya pili hubana mdomo, maana akisema "ick" tu wanajua katoka wapi. Barua ya tatu ilikuwa ya Kijerumani sanifu kitupu, kama ya ofisini. Ya nne haikuja.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekufundisha mji ambao haupo."

Baada ya siku hiyo hakupokea mwanafunzi mwingine.

Imani akaondoka Machi, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee, pembezoni mwa Berlini, upande wa mashariki. Jumapili moja Genoveva alikuwa akichambua kunde, simu ikaita.

"Mama, kuna bibi hapa hataki kula wala kusema na mtu. Leo ulimi umeniteleza nikasema 'ick,' akanidaka mkono, anauliza nimeitoa wapi. Hebu ongea naye."

Sauti ikaja, kavu, yenye kukwaruza. Wewe mtoto wa mtaa gani? Genoveva akautaja mtaa wa bweni lao, na tramu iliyokuwa ikipita chini ya dirisha. Maneno aliyodhani yameshamfia yakamtoka yenyewe, na yule bibi akayapokea na kumrudishia, wakicheka kama wasichana. Wajukuu zangu hawasemi hivi, bibi akalalamika. Siku hizi mtaa umejaa watu wa kutoka kila pembe, wote wanaongea kama redio.

"Unarudi lini nyumbani?" akauliza.

Genoveva alikuwa nyumbani. Mbele yake ulikuwa uwanja alioufagia asubuhi, na nyuma yake mikorosho ya marehemu baba. Akataka kusema hivyo, akashindwa.

"Karibuni tu," akamjibu.

Jioni Imani akatuma ujumbe: bibi amekunywa supu, bakuli zima. Genoveva akausoma mara mbili. Kisha akakaa ukingoni mwa baraza, miguu ikining'inia, akiutamani mji ule wa baridi na moshi wa makaa, hata akajionea haya.